MBWA MDOGO ANAYEKONDA NA KUCHAGUA CHAKULA



Somo la buletini hii ni juu ya mbwa mdogo ambaye anakonda na tena anakataa chakula anachopewa. Tunajua kwamba wengine watacheka. Tulipotangaza somo hili mu refektware, ndugu mmoja alisema kwa sauti: «Sisi benyewe nyama tunaiona siku ya Noeli, na sasa tuanze kuhesabia imbwa chakula?» Swali lake si la kudharauliwa, na tunalijibu mapema. Kwanza, mbwa mwenye minyoo anayaacha mayai ya minyoo mu udongo wa lupango, pahali ambapo watoto wadogo wanacheza na kisha wanatia vidole kinywani. Ugonjwa wake unaweza kuwa ugonjwa wa nyumba nzima. Pili, mbwa wa namna hii tayari anakula chakula cha watu kila siku, ila anakila bila mpango, kwa hiyo kinapotea na hakimsaidii. Kwa upande wa imani, someni Mithali 12:10 mkifika mabwenini. Mstari ni mfupi na unasema wazi namna mtu wa haki anavyofanya na nyama wake wa nyumbani.

Kwetu hapa Buluo mfano uko karibu. Zamu wetu wa usiku iko na mbwa mdogo, jina lake Kadogo. Tangu mvua za kwanza kila mtu aliona mgongo wake umekuwa kama msumeno. Jioni zamu alimwekea bukari, mbwa akanusa, akageuza kichwa, akaenda kulala. Maneno yakawa mengi. Huyu alisema mbwa iko na majivuno, yule alisema ametupiwa neno na jirani. Wa tatu, na huyu ndiye aliyetutia wasiwasi, alisema afadhali aondolewe kabla ya likizo kubwa, maana mbwa asiyekula hawezi kulinda shule. Zamu alinyamaza. Saa zote tunapolala sisi, mwenzake ni yule mbwa tu. Ndipo sisi wa mwaka wa mwisho wa Biokemia tukaenda kwa Bwana Prefe wa masomo kuomba ruhusa ya kumtunza kwa majuma 8. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila kitu kiandikwe mu daftari.

JE, NI KWELI AMEKONDA?

Mtu asianze kumnenepesha mbwa ambaye hakukonda. Mbwa wa inchi yetu kwa umbo ni mwembamba tangu kuzaliwa: miguu mirefu, kiuno chembamba, tumbo limepanda juu. Wazungu wamempa jina la basenji. Jina hilo wamelitoa huku huku kwetu, ni lile neno la washenzi, na kwa masikio yetu si jina la heshima hata kidogo. Bibi mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwachukua mbwa hao kutoka Kongo mwaka 1936, na mwaka 1937 walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Watu wengi walikuja kuwaangalia wale mbwa wasiobweka kama wengine. Leo basenji iko na kipimo kilichoandikwa: dume kimo cha sentimeta 43 na uzito wa kilo 11, jike sentimeta 40 na kilo 9 na nusu. Angalieni namna kilo hizo ni chache kwa mbwa mwenye kimo hicho. Mtu aliyezoea kuona mbwa wanene wa picha za Ulaya atasema amekonda, kumbe ni mzima kabisa.

Basi tusitumie macho peke yake, tutumie mikono. Jifunzeni namna hii. Fungeni ngumi, kisha pitisheni vidole vya mkono mwingine juu ya vifundo vya ngumi. Mnasikia mfupa mtupu, na mashimo katikati. Kama mbavu za mbwa ni namna hiyo, amekonda. Sasa fungueni mkono, unyosheni, mguse mgongo wa kiganja. Mifupa mnaisikia bado, lakini juu yake kuna kitu laini kidogo. Mbavu za namna hiyo ni nzuri. Mkigusa upande wa ndani wa kiganja, pale penye nyama, na mbavu zikawa vile, mbwa huyo amenenepa kupita kiasi. Njia hii haina gharama, na inafaa hata usiku.

Waganga wa wanyama wanatoa pointi toka 1 mpaka 9, na nzuri ni 4 na 5. Kadogo tulimpa 2. Mifupa ya kiuno ilionekana toka mbali, na nyama ya mapaja ilikuwa imepungua. Tulimtia ndani ya kikapu, tukatundika kikapu kwenye mizani ya kupimia magunia, tukatoa uzito wa kikapu. Ilibaki kilo 5 na gramu 600. Yeye si basenji safi. Ni mbwa wa kambi, damu yake imechanganyika, na kimo chake ni kifupi. Tulikadiria kwamba uzito wake mzuri ni kama kilo 7.

SABABU KWANZA, CHAKULA BAADAYE

Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Wanaona mbwa amekonda, wanaongeza bukari. Lakini kama ndoo imetoboka, kuongeza maji hakuijazi. Tulitafuta tundu liko wapi, na tulikuta mawili.

Tundu la kwanza lilikuwa ni minyoo. Karibu na mkia wake, na juu ya gunia analolalia, tuliona chembe nyeupe kama mchele uliokauka. Hizo ni vipande vya tegu. Tegu hii inaletwa na viroboto: mbwa anajikuna kwa meno, anameza kiroboto, na ndani ya kiroboto mna mtoto wa tegu. Kwa hiyo ukitoa dawa ya tegu na ukaacha viroboto, tegu itarudi. Gunia lilichomwa moto, mbwa akaoshwa na kutiwa dawa ya viroboto. Kuna minyoo ya safura vilevile, ambayo inang'ata utumbo na kunywa damu. Mbwa wake fizi zinakuwa nyeupe badala ya nyekundu. Na kuna minyoo mirefu ya mviringo ambayo mtoto wa mbwa anaipata kwa mama yake hata kabla ya kuzaliwa. Mkiona mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa kama ngoma na mgongo mkavu, fikirini hiyo kwanza. Ndiyo maana waganga wanaanza kuwapa watoto wa mbwa dawa wakiwa na majuma 2 tu, na kurudia kila majuma 2 mpaka wameacha kunyonya. Mayai ya minyoo hii ndiyo yale tuliyosema mwanzoni, yanayokaa mu udongo. Ndani ya mtoto wa mtu yanaanguliwa, na vijinyoo vinaweza kutembea mpaka maini, hata mpaka jicho.

Dawa ziko, na si za siri. Praziquantel inaua tegu. Fenbendazole na pyrantel zinatumika kwa minyoo mingine. Lakini kipimo kinafuata kilo za mbwa, na ndiyo sababu ya kupima uzito kwanza. Tulimwita veterinere, akampa Kadogo dawa mbele yetu, akampiga vilevile sindano ya kichaa cha mbwa. Msichukue kidonge cha watu mu farmasi mkakikata kwa macho. Na dawa za maumivu za watu, kama vile paracetamol na ibuprofen, ziacheni kabisa, zinaweza kumwua mbwa mdogo kwa kipimo ambacho mtu anakiona ni kidogo.

Tundu la pili lilituchekesha. Kwa siku 5 wawili wetu walikaa na daftari, wakaandika kila kitu kilichoingia kinywani mwa Kadogo tangu kengele ya asubuhi mpaka taa kuzimwa. Siku ya tatu peke yake alipata vipande 23 toka mikononi mwa wanafunzi: mikate ya mafuta, biskuti, hindi la kuchoma, kichwa cha ndagala, hata ganda la ndizi, alilolitema. Kila kipande kilikuwa kidogo, lakini vingi vilikuwa vitamu, vya mafuta au vya chumvi. Basi jioni bukari nyeupe, baridi, bila kitu juu yake, ilipofika, angeitaka ya nini? Amejifunza kwamba akikataa na kukaa mbele ya bweni na macho ya huzuni, atapata kitu kizuri zaidi. Ni mwanafunzi mwerevu. Na hapa kwetu wako wengine wanaokula mikate saa ya mapumziko kisha wanasema maharagi ya mchana hayana ladha. Majina yao hatuyaandiki.

Kwa hiyo mbwa anayechagua, mara nyingi sana amefundishwa na watu. Tunasema mara nyingi, si sikuzote. Mwenye jino lililooza, mwenye kidonda ulimini, mwenye homa ya kupe, naye anakataa chakula, na kumwita mwenye majivuno ni kumwonea. Alama ni hii: yule aliyefundishwa kuchagua anakataa bukari lakini anakimbilia ndagala, yule mgonjwa anakataa hata ndagala, au anaichukua kinywani na kuiangusha.

ONYO MOJA KUBWA

Tunaomba kila mtu asome pale pole pole. Mbwa anayekataa kula kwa ghafula, mate yanamtoka, taya imelegea, sauti imebadilika, anajificha gizani ao anatembea ovyo na kuuma vitu, msidhani ana mfupa kooni. Msitie mkono kinywani mwake hata kama ni mbwa wenu tangu zamani. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Alama zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Lakini kabla ya alama, kuna njia: aliyeumwa ao aliyelambwa penye kidonda aoshe pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Louis Pasteur alianza kuwachanja watu mwaka 1885 pale Paris, na mtoto wa kwanza, Joseph Meister wa miaka 9, alipona. Chanjo ya siku hizi ni bora kuliko ile. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu kusema mapema kwamba ameumwa, maana anaogopa kukemewa. Hapa shuleni hakuna atakayekemewa kwa kusema.

Tutaje ugonjwa mwingine mmoja tu, kwa sababu unapatikana hasa katika ukoo wa basenji. Unaitwa Fanconi. Mafigo ya mbwa yanashindwa kurudisha sukari na protini ndogo ndogo ndani ya damu, zinatoka pamoja na mkojo. Mbwa anakula vizuri lakini anakonda. Anakunywa maji mengi na kukojoa mara nyingi. Mara nyingi unaanza akiwa na miaka 4 mpaka 8. Alama yake ya ajabu ni sukari ndani ya mkojo wakati damu haina sukari nyingi. Tangu mwaka 2011 kuna kipimo cha damu ya ukoo kinachoonyesha nani anao. Mkiona mbwa mwembamba aliye na kiu isiyokwisha, msipoteze wakati kwa vyakula, mwonyesheni veterinere. Sisi wa Likasi tuna bahati ya jirani mwema: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama.

HESABU YA CHAKULA

Sasa tufike kwenye chakula chenyewe. Kwa mbwa mdogo waganga wanatumia hesabu rahisi: zidisha kilo kwa 30, ongeza 70. Hizo ndizo kilokalori za siku moja kwa mbwa aliyelala tu. Kwa mbwa anayetembea na kufanya kazi ya usiku, zidisha tena kwa 1.8. Tukichukua uzito mzuri wa Kadogo, kilo 7: mara 30 ni 210, ongeza 70 ni 280, mara 1.8 ni 504. Tuseme 500.

Gramu 100 za bukari iliyopikwa zinatoa karibu kilokalori 120, maana sehemu kubwa yake ni maji. Ili apate 500 kwa bukari peke yake, Kadogo angepaswa kula zaidi ya gramu 400 kila siku. Kwa mbwa wa kilo 5 na gramu 600 hiyo ni sawa na mwanafunzi wa kilo 55 kumaliza kilo 4 za bukari kwa siku! Tumbo linajaa kabla nguvu haijatosha. Tena bukari iko na protini kidogo. Nyama ya mapaja haijengwi kwa unga wa mahindi peke yake, sawa na vile tulivyosoma juu ya watoto wenye kwashiorkor, ugonjwa ambao Dokta Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 kule Gold Coast, Ghana ya leo. Watoto wale walikuwa wakila uji wa mahindi, tumbo limejaa, na mwili unakosa.

Basi hatukuongeza wingi wa chakula. Tuliongeza nguvu ndani ya kipimo kidogo. Fungu lake la siku likawa hivi: bukari gramu 200, ndagala kavu gramu 40 zilizolowekwa kwanza kwa maji ili chumvi itoke, kalanga zilizotwangwa gramu 15, na kijiko kimoja cha kahawa cha mafuta ya mawese. Jumla ni kama 485. Mafuta yanashinda vyote kwa nguvu: gramu moja inatoa kilokalori 9, wakati unga na protini zinatoa 4. Lakini msifurahi mkamwaga kikombe. Mafuta mengi kwa mara moja yanaleta kuhara, na yanaweza kuumiza kongosho. Tulianza na robo ya kijiko. Siku jikoni kukiwa na yai lililopasuka, liliiva pamoja na bukari na ndagala zikapunguzwa. Kwa yule ndugu wa refektware tunasema: gramu 40 za ndagala zilikuwa vichwa na vipande vilivyovunjika chini ya gunia, ambavyo mama wa jikoni alikuwa akivitupa.

Namna ya kumpa ilikuwa na kazi kuliko chakula chenyewe. Mtu mmoja tu alimlisha, naye ni zamu. Mara 3 kwa siku, saa zile zile, nyuma ya jiko, mbali na kelele. Chakula kilikuwa na vuguvugu, kwa sababu mbwa anakula kwa pua kwanza, na chakula baridi hakitoi harufu. Ndagala zilipondwa na kuchanganywa kabisa na bukari, asipate kuchambua. Sahani ilikaa dakika 20, kisha ikaondolewa, hata kama hakugusa. Na mikono yote ya wanafunzi ikafungwa. Siku ya kwanza Kadogo alikataa mara mbili. Siku ya pili alikataa mara moja, akalalamika mbele ya bweni la wavulana mpaka usiku. Mmoja wa kidato cha chini alishindwa na huruma akamtupia mkate dirishani. Iko mu daftari. Siku ya tatu alimaliza sahani, akailamba mpaka ikasogea ukutani.

Angalisho: njia hii ya kuondoa sahani ni ya mbwa mkubwa ambaye ugonjwa wake umeshatafutwa. Asipokula chochote kwa siku nzima, mwonyesheni mganga. Mtoto wa mbwa msimfanyie hivyo hata kidogo, maana mwili wake hauna akiba; akikaa nusu siku bila kula sukari ya damu inashuka, anatetemeka na kuanguka.

MWENYE NJAA YA SIKU NYINGI

Kadogo alikuwa amekonda, lakini kila siku kitu kiliingia tumboni. Mbwa aliyefungiwa ao aliyepotea bila chakula kwa majuma ni jambo lingine. Huruma yetu inatwambia tumjaze siku hiyo hiyo, na huruma hiyo inaweza kumwua. Mwili wenye njaa ndefu ukipata chakula kingi kwa ghafula, madini ya damu kama fosforo na potasi yanakimbilia ndani ya chembe za mwili, na moyo unaweza kusimama. Hata watu yaliwapata: mwaka 1945, vita ilipokwisha kule Ulaya, wafungwa wengine waliokuwa mifupa mitupu walikufa baada ya kupewa chakula kingi. Kwa mbwa wa namna hiyo mnaanza na robo ya kipimo cha yule aliyelala, kimegawanywa mara 4 ao 6, na kuongeza kidogo kidogo kwa muda wa juma moja na zaidi, na veterinere akiwa karibu.

Na inawezekana. Mwaka 1941 mbwa jike wa ukoo wa basenji alifika Boston, Marekani, ndani ya meli ya mizigo iliyotoka Afrika ya Magharibi. Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa amekonda vibaya. Walimtunza, akarudisha nguvu, wakampa jina la Congo, na alikuwa mama wa watoto wa kwanza wa ukoo huo waliokua mpaka kukomaa inchi ile.

VITU VYA KUTOMPA

Unga wenye kuvu. Hapa tunasema kwa ukali. Ni desturi mu nyumba nyingi: unga ukiharibika, ao kalanga zikiota ukungu, watu wanasema «tutapikia imbwa». Kuvu hiyo inatoa sumu inayoitwa aflatoksini, nayo haitoki kwa kupikwa. Kule Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwashika watu 317, na 125 walikufa. Mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hii. Anaanza kwa kukataa chakula, anakonda, macho yanakuwa manjano. Pengine mbwa anayekataa bukari ya unga wa namna hiyo ana akili kuliko aliyempikia.

Vitunguu na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Kwa hiyo mchuzi wetu wa kila siku haumfai, toeni sehemu yake kabla ya kutia vitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano. Chokoleti ni sumu. Maziwa yanawaharisha mbwa wengi wakubwa. Muhogo mbichi usimpe mnyama yeyote.

Tusisahau baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa Likasi unauma, na mbwa asiye na mafuta chini ya ngozi anachoma chakula chake kwa kutetemeka. Gunia kavu na sanduku lililogeuzwa ni sehemu ya chakula.

DAFTARI LINASEMA NINI

Juma la kwanza uzito haukubadilika, kilo 5 na gramu 600. Juma la 2, 5.7. Juma la 4, 6.1. Juma la 6 alirudi nyuma kidogo, 6.0, kwa sababu aliharisha siku mbili. Mafuta yalipunguzwa, akapona. Juma la 8, kilo 6 na gramu 600. Kwa mbwa wa kimo chake gramu 100 ao 150 kwa juma ni mwendo mzuri, na anayekimbiza zaidi ya hapo anatia mafuta bila nyama. Kwa mkono mbavu zake sasa ziko katikati ya ngumi na mgongo wa kiganja. Tunampa pointi 4. Neno la kumwondoa halikutajwa tena mu mkutano wa mwisho. Zamu anasema usiku wa Jumanne ya juma lililopita Kadogo alimwamsha mara mbili, mara ya kwanza kwa paka.

Majuma 8 yamekwisha na mitihani ya serikali inatukaribia, kwa hiyo daftari tunalikabidhi kwa darasa la chini yetu. Dawa ya minyoo irudiwe kila miezi 3. Kupima ni Jumamosi baada ya usafi. Kikapu kiko kwa mama wa jikoni.

MASWALI

1. Mbwa wa jirani ana kilo 9, na uzito wake mzuri ni kilo 10. Tafuteni kilokalori zake za siku moja, akiwa ni mbwa anayetembea.

2. Veterinere ametoa dawa ya tegu, na baada ya miezi 2 chembe nyeupe zimerudi. Ni kitu gani kilichosahauliwa?

3. Mama mmoja anasema: «Imbwa yangu inakula sana, inakunywa ndoo ya maji, lakini inakonda tu.» Mtamwambia nini, na juu ya nini?

4. Kwa siku 3 za likizo, andikeni kila kitu ambacho mbwa wa kwenu amepewa kwa mkono, nani alimpa, na saa ngapi.

Majibu ya swali la 1 mpaka la 3 yaletwe maktaba kabla ya Ijumaa. La 4 tutalisoma mkirudi.